Msingi wa Kibanda cha Majembe

Karibu na Kolwezi, katika nchi ya Kongo, uko mji unaoitwa Kapata. Ulijengwa uwe makao ya wafanyakazi wa migodi ya shaba.

Mzee mmoja wa Kapata alikuwa na bustani nzuri, lakini kibanda chake cha kuwekea majembe na mbegu kilikuwa kibovu. Nguzo zake zilisimikwa katika udongo mtupu. Mchwa wakazila chini kwa chini, wala hakuna aliyeona. Usiku mmoja wa Januari mvua kubwa ikanyesha, kibanda kikaanguka. Asubuhi mama akakuta mbegu za maharagwe, alizotaka kupanda mwezi wa pili, zimelowa zote. Akaketi chini kimya.

Mzee akamwambia mtoto wake, "Mwanangu, safari hii tutaanza na msingi."

Wakangoja kiangazi, maana katika nchi ile mvua huanza Oktoba au Novemba na hukoma Aprili. Mwezi wa Agosti wakaanza kazi.

Kwanza wakapima mahali penye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Wakapiga vigingi vinne, wakavuta kamba.

"Baba, tumekwisha," mtoto akasema.

"Bado. Pima mshazari, kutoka pembe hata pembe."

Mshazari mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili. Basi pembe zilikuwa zimepotoka. Wakasogeza vigingi mpaka mishazari yote miwili ikawa sawa, mita 3 na sentimeta 60 hivi.

Pili wakaondoa udongo wa juu, kwa sababu una mizizi na majani. Vitu hivyo vikioza, udongo hushuka na sakafu hupasuka. Wakachimba sentimeta 20 hata wakafika kwenye udongo mgumu. Wakajaza shimo mawe yaliyovunjwa, wakayashindilia kwa gogo zito. Kisha wakazungusha mbao ukingoni na kuzisawazisha kwa pimamaji, ili sakafu iinuke juu ya ardhi na maji ya mvua yasiingie.

Tatu wakachanganya zege: ndoo 1 ya simenti, ndoo 2 za mchanga safi, ndoo 4 za kokoto. Sakafu ile, yenye unene wa sentimeta 10, ilitaka mifuko 4 ya simenti ya kilo 50. Wakachanganya kwanza bila maji, mpaka rangi ikawa moja. Ndipo wakatia maji, litri 25 hivi kwa kila mfuko.

Mtoto alikuwa amechoka. Akainua ndoo ya maji aongeze, ili zege liwe jepesi kugeuza. Baba akamshika mkono. "Maji mengi hurahisisha kazi, lakini hudhoofisha zege. Yakikauka huacha matundu madogo ndani yake."

Wakalimwaga zege, wakalishindilia, wakalisawazisha kwa ubao mrefu. Kisha wakanawa vizuri, maana simenti mbichi huunguza ngozi.

Watu wengi hudhani kwamba zege hukauka kama udongo. Sivyo. Simenti hushikana na maji, ndipo hugeuka kuwa kama jiwe. Likikosa maji mapema, zege halikomai. Kwa hiyo wakalifunika kwa magunia, na mtoto akaagizwa kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7.

Jioni ya siku ya nne mtoto akaenda kucheza mpira, akasahau. Upepo ukafunua gunia moja. Asubuhi pembe moja ilikuwa nyeupe. Baba akaikwaruza kwa msumari, ikatoa vumbi. Mahali pengine msumari haukuacha alama.

Baba hakumpiga. Alisema tu, "Simenti haikungojea mpira."

"Lakini baba, ukuta utaifunika pembe hii. Nani ataiona?"

"Hakuna atakayeiona. Lakini ukuta utaijua."

Wakachonga sehemu ile dhaifu, wakatia zege jipya, na siku 7 zikaanza tena. Safari hii mtoto hakusahau hata mara moja.

Mvua zilipokuja, kibanda cha matofali kilikuwa kimesimama. Mchwa hawakuweza tena kupanda kwa siri. Walijenga njia zao za udongo nje ya ukuta, na mtoto alipoziona alizifuta. Mama akaweka mbegu zake ndani, na zote zilikuwa kavu hata siku ya kupanda.

Ukuta mkubwa wa Nzilo, unaozuia maji ya mto Lualaba karibu na Kolwezi tangu miaka ya 1950, nao ni wa zege. Mafundi waliujenga juu ya mwamba. Naye Bwana Yesu alisimulia habari za watu wawili, mmoja aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba, na mwingine juu ya mchanga. Kazi ya msingi hufichwa ardhini, lakini ndiyo inayobeba nyumba.

MASWALI

1. Kwa nini kibanda cha kwanza kilianguka?
2. Tutajuaje kwamba pembe za msingi zimenyoka?
3. Maji mengi hudhuruje zege?
4. Baba alitaka kusema nini kwa maneno haya: "Ukuta utaijua"?