Falsafa chuoni: Tusiwafukuze vijana wenye maswali

Ijumaa moja baada ya swala, kijana niliyepata kumsomesha Maarifa ya Uislamu sekondari alinifuata msikitini akiwa na daftari mkononi. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na miongoni mwa masomo yake lilikuwamo la utangulizi wa falsafa. Akaniambia: “Ustadh, mhadhiri katuuliza swali. Jambo jema ni jema kwa sababu Mungu kaliamrisha, au Mungu kaliamrisha kwa sababu ni jema? Nikishika jibu la kwanza, wenzangu wanasema basi angeamrisha dhulma, dhulma ingekuwa wema. Nikishika la pili, wanasema basi kuna kitu kilicho juu ya Mungu. Niwajibu vipi?”

Nakiri mbele yako ndugu msomaji kwamba nilimjibu vibaya. Nilimwambia aachane na maneno hayo, falsafa ni mlango wa shetani, akariri tu afaulu mtihani. Akafunga daftari, akaniaga kwa adabu. Tangu siku hiyo sikumwona tena kwenye darsa. Tulipokutana baada ya karibu mwaka mzima, nilimuuliza kulikoni. Akasema: “Swali halikunitoa, Ustadh. Nilitoka kwa sababu nilidhani Uislamu hauna jibu.”

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa swali lile si geni kwetu hata kidogo. Asili yake ni maandishi ya Plato, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Nabii Isa (AS), na Waislamu wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu moja. Muutazila walisema wema na ubaya viko katika vitendo vyenyewe, na akili inaweza kuvitambua hata kabla ya sheria kuja. Ashaira wakasema wema ambao mja atalipwa kwao hujulikana kwa sheria tu. Wafuasi wa Imam Maturidi, aliyefariki Samarkand mwaka 944, wakashika njia ya kati: akili hutambua mengi ya mema na mabaya, lakini anayewajibisha ni Allah (SWT). Baadaye Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wakasisitiza kuwa amri ya Allah haitenganishwi na hekima Yake. Yaani, swali la kwamba “angeamrisha dhulma” linamuwazia Mungu asiyekuwa Al-Hakim, na huyo siye tunayemwabudu.

Kijana wangu angeweza kurudi darasani na hazina yote hiyo. Mimi nikamrudisha mikono mitupu. Kwa sababu hiyo nimeona niandike leo, ili mzazi, mwalimu wa madrasa na mwanafunzi wajue ni nini hasa kinachosomwa katika somo hilo.

Tuanze na mantiki. Hili ni tawi linalopima hoja: je, hitimisho linafuata kutokana na kauli zilizotangulia? Tukisema kila mtu atakufa, na Zaidi ni mtu, basi lazima tukubali kuwa Zaidi atakufa. Lakini hoja yaweza kupangika vizuri na bado ikawa batili, kwa sababu kauli yake ya mwanzo ni ya uongo. Kijana anayelijua hilo hababaishwi na msemaji hodari. Atamwambia, mpangilio wako ni sawa, ila thibitisha kwanza ulipoanzia. Imam al-Ghazali aliitanguliza mantiki katika kitabu chake cha Usul al-Fiqh, al-Mustasfa. Ibn Taymiyya kwa upande wake aliwakosoa wanamantiki, tena kwa kitabu kizima. Aliwasoma kwanza, kisha akawajibu.

Tawi la pili ni elimu ya maarifa, ambayo vyuoni huitwa epistemolojia. Swali lake ni hili: tunajuaje kwamba tunajua? Mwanafunzi ataelezwa habari za Mfaransa René Descartes, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1641 alianza kwa kutilia shaka kila kitu. Ni vyema ajue kuwa al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameshasimulia shaka kama hiyo katika al-Munqidh. Humo aliandika jinsi jicho linavyoiona nyota kuwa ndogo kama sarafu, ilhali hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Tena ajue kuwa elimu ya Hadithi ni hazina katika tawi hili. Wanazuoni wetu waliuliza ni lini habari ya mtu iaminiwe, wakapima isnadi, wakachunguza uadilifu na hifadhi ya kila mpokezi, wakatofautisha mutawatir na ahad.

Tatu ni metafizikia, inayouliza ni nini kilichopo na kwa nini kipo. Hapa ndipo inapojadiliwa hoja ya kuwepo kwa Mungu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aligawa vilivyopo sehemu mbili: kile ambacho kingeweza kutokuwepo, na Yule ambaye kuwepo Kwake ni lazima. Kila tunachokiona kingeweza kutokuwepo, hivyo vyote kwa pamoja vinamhitaji Asiyehitaji. Qur’an nayo, katika Surat At-Tur (52:35), inamtaka mwanadamu afikiri kama ameumbwa pasipo chochote au amejiumba mwenyewe. Ni katika tawi hili pia ndipo wanafalsafa wetu walipoteleza, kama tutakavyoona.

Nne ni falsafa ya maadili, ambayo ndiyo iliyomleta kijana wangu msikitini. Yapo na matawi mengine, kama falsafa ya siasa, ambayo al-Farabi aliiandikia kitabu juu ya mji bora, na ujumi, unaouliza uzuri ni nini.

Sasa wapo watakaoniuliza: je, al-Ghazali hakuwapiga wanafalsafa? Aliwapiga, tena vikali. Katika Tahafut al-Falasifa, aliyoimaliza mwaka 1095, aliwakosoa katika masuala 20, na katika matatu akawahukumu kuwa wamekufuru: kusema ulimwengu hauna mwanzo, kusema Allah hajui mambo madogo madogo kwa upekee wake, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Ibn Rushd, kadhi wa Cordoba aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kitabu. Lakini tutazame al-Ghazali aliifanyaje kazi yake. Akiwa mwalimu wa Nidhamiyya mjini Baghdad, akisomesha wanafunzi wapatao 300, alitumia nafasi aliyoipata kuisoma falsafa kwa kiasi cha miaka miwili. Aliandika kwanza kitabu kinachoeleza makusudio ya wanafalsafa kwa uadilifu, hata baadhi ya wasomaji wa Ulaya waliokisoma kwa Kilatini bila utangulizi wake wakamdhani ni mmoja wao. Na katika al-Munqidh alizigawa elimu zao mafungu sita, akaonya kwamba anayedhani anaunusuru Uislamu kwa kukataa hisabati yao anaudhuru Uislamu.

Basi kwa vijana wetu nina nasaha tatu. Kwanza, msiingie katika somo hili mkiwa hamjui itikadi yenu; shikeni darsa za Tawhid kama mnavyoshika ratiba ya mihadhara. Pili, elezeni hoja ya mwenzenu kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali, kisha ndipo muijibu. Tatu, mkikwama msikae na swali peke yenu chumbani. Nendeni kwa anayejua, na kama wa kwanza hajui, nendeni kwa wa pili.

Na kwetu walimu nasaha ni moja. Tusipojua, tuseme hatujui, tukasome, tukarudi na jibu. Surat Al-Israa (17:36) inatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na katazo hilo linamgusa mwalimu anayefoka kama linavyomgusa mwanafunzi anayedadisi. Nabii Ibrahim (AS) alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyofufua wafu. Aliulizwa kama hakuamini, akajibu anaamini, ila moyo wake upate kutulia. Hakufukuzwa, bali alionyeshwa (2:260).

Kijana wangu amerudi kwenye darsa. Anakaa safu ya mbele, na bado anauliza. Safari hii huwa namjibu, au namwomba anipe wiki moja nikasome.

Wabillahi tawfiq.