Ini Lenye Mafuta: Ugonjwa Usiobisha Hodi

Wengi hugundua kwa bahati tu kwamba ini lao lina mafuta. Mama amepigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu ya mawe kwenye nyongo, au mwendeshaji bodaboda amefanyiwa vipimo baada ya ajali, na kwenye karatasi ya majibu panatokea mstari mmoja kuhusu mafuta kwenye ini. Mara nyingi majirani huwa na jibu kabla ya daktari: huyu anakunywa pombe kwa siri.

Dhana hiyo imewaaibisha watu ambao hawajaonja hata tone. Ni kweli kwamba pombe huharibu ini na huweza kulijaza mafuta. Lakini aina ya ugonjwa huu iliyoenea zaidi haihitaji pombe. Inakadiriwa kuwa karibu watu wazima 3 kati ya 10 duniani wanayo. Huandamana na unene wa kiunoni, kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na wingi wa mafuta kwenye damu. Mwaka wa 2023 vyama vya madaktari wa ini vilibadilisha hata jina la kitabibu la ugonjwa huu. Jina la zamani lilisema tu kwamba hautokani na pombe. Jipya linataja kiini chake, yaani hitilafu katika jinsi mwili unavyotumia chakula.

Kenya haijasazwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwa wanawake kiwango kilipita thuluthi.

Mafuta hufikaje huko?

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo hukaa chini ya mbavu, upande wa kulia. Hupokea virutubisho kutoka tumboni, huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo na huondoa sumu kwenye damu. Mafuta kidogo ndani yake si tatizo. Yakipita asilimia 5, ndipo huitwa ini lenye mafuta.

Watu wengi hulaumu mafuta ya kupikia peke yake. Yamo, lakini sukari ndiyo mshtakiwa anayesahaulika. Nusu ya sukari tunayotia kwenye chai ni aina iitwayo fruktosi, na kazi kubwa ya kuishughulikia huachiwa ini. Ikija nyingi kwa mpigo, ini hugeuza ziada kuwa mafuta. Soda ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani vijiko 12 hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asipitishe kiasi hicho kwa siku nzima, na ingefaa zaidi abaki kwenye nusu yake. Asiyekunywa soda naye asijipongeze mapema: vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 12 vilevile.

Hatua ya kwanza kwa kawaida haina maumivu. Labda uchovu, labda uzito chini ya mbavu za kulia. Kwa baadhi ya watu mafuta hayo huleta uvimbe ndani ya ini, uvimbe huacha makovu, na makovu yakizidi kwa miaka mingi ini husinyaa na kuwa gumu. Hapo tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano, na hatari ya saratani hupanda. Si kila mtu hufika huko, na aliye katika hatua za mwanzo anaweza kurudi nyuma.

Kinachosaidia

Kupunguza uzito ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo 4, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifikisha kilo 6 hadi 8, uvimbe nao hupungua. Asifanye haraka: nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, kwa kuwa kujinyima chakula ghafla kunaweza kulidhuru ini zaidi.

Hakuna haja ya chakula cha kuagizwa kutoka nje. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, mchicha, kunde, mnavu. Robo iwe maharagwe, ndengu, mbaazi, omena au samaki asiyekaangwa. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Katika nyumba nyingi hesabu hii imegeuzwa, ugali ukawa mlima na mboga ikawa kitoweo tu. Chipsi, viazi karai na mahamri viwe vya siku mojamoja. Tunda liliwe zima badala ya kukamuliwa juisi. Kahawa chungu ya barazani haina kosa; tafiti nyingi zimeihusisha kahawa na makovu machache ya ini. Cha kuangaliwa ni haluwa inayoandamana nayo.

Mwendo nao una nguvu zake, hata kabla mizani haijashuka. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi zinatosha kuanzia, yaani nusu saa kwa siku tano. Anayeshinda kwenye kiti cha matatu, pikipiki au duka ndiye anayehitaji ushauri huu zaidi. Mwenye mafuta kwenye ini ni heri aache pombe kabisa.

Kuna chupa zinazouzwa sokoni na mitandaoni kwa madai ya "kusafisha ini". Ini halisafishwi kwa chupa, na baadhi ya mitishamba imewahi kuliumiza. Dawa za hospitali zipo kwa wachache: Marekani iliidhinisha ya kwanza mahususi mwaka wa 2024, kwa wagonjwa wenye makovu, na hata hiyo hutumiwa pamoja na lishe na mazoezi. Jambo jingine la jikoni: mahindi yenye ukungu hutupwa. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui, na sumu hiyo hushambulia ini.

Nani apimwe?

Kipimo cha kwanza ni utepe wa fundi cherehani. Kiuno kinachofika sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke ni sababu ya kwenda kituo cha afya, ingawa wembamba nao huupata ugonjwa huu. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wana vifaa vya kupima uzito, sukari na shinikizo la damu. Mwenye kisukari amuulize daktari kuhusu hali ya ini hata kama hana dalili, kwa sababu umri wake na vipimo vya kawaida vya damu vinaweza kukokotolewa kuonyesha uwezekano wa makovu. Majibu mazuri ya damu peke yake hayathibitishi kwamba ini halina mafuta. Aende na orodha ya dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo.