Jalada la uwanja wa shule

Mwaka jana nikiwa fildi katika mji mmoja mdogo, nilikuta shule niliyopangiwa ina mgogoro: jirani anadai nusu ya uwanja wa mpira ni yake. Mwalimu mkuu akanituma masjala ya halmashauri nikatafute muhtasari wa kikao kilichotenga eneo lile.

Jamani! Majalada yalikuwa sakafuni, mchwa wameshapita. Ukumbuke pia halmashauri za miji zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikarudishwa 1978. Ofisi ikihama, karatasi huhamishwa mwisho, kama zinahamishwa.

Tulipata kurasa tatu, moja imeliwa nusu. Nikaanza kuzipanga kwa akili yangu, mzee wa masjala akanizuia. Karatasi zinabaki katika mpangilio wa ofisi iliyoziweka, maana barua inaeleweka kwa ile iliyoitangulia. Ukichanganya, umefuta habari bila kugusa wino. Pini zenye kutu zitolewe taratibu. Selotepu hapana, gundi yake huacha doa. Mimi nilitaka kukimbilia steshenari nikalamineti (nani hajalamineti cheti?), kumbe joto lile linadhuru karatasi na plastiki haibanduki tena. Piga picha, kisha weka bahasha ndani ya boksi, boksi juu ya shelfu, mbali na ukuta wenye unyevu.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo tangu 2002. Pale masjala hakukuwa na shelfu hata moja. Tuliazima madawati mawili mabovu ya shule.

Shauri bado liko baraza la ardhi. Ushahidi wetu ni zile kurasa tatu.