Binti ameuliza pedi ni za nini: mjibu leo

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 9. Juzi dukani aliniuliza pedi ni za nini, nikamwambia ni vitu vya wakubwa. Naogopa kumfungua macho mapema. Je, nisubiri mpaka avunje ungo ndipo afundwe, kama ilivyokuwa kwetu? – Mama, Tanga

JIBU: Mama, usisubiri. Mwili wa msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13. Matiti hutangulia, hedhi hufuata baada ya miaka miwili hivi. Binti asiyeambiwa kitu akiona damu kwenye chupi hudhani anaumwa, na wengi huificha kwa hofu.

Zamani kazi ya kumfunda binti ilikuwa ya somo au kungwi. Leo ndugu wametawanyika, na mzazi akinyamaza mtoto hufundishwa na wenzake na simu. Hofu yako naielewa, lakini mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi, ulionyesha kuwa elimu ya ujinsia haiwaharakishi watoto kuanza ngono.

Jibu alichouliza, kwa maneno ya kawaida: "Mwanangu, msichana akikua, kila mwezi hutokwa na damu ukeni kwa siku chache. Si ugonjwa. Pedi huinyonya isichafue nguo. Ikikutokea shuleni, mwambie mwalimu wa kike, ukirudi uniambie." Kisha fungua pakiti, mwonyeshe inavyobandikwa kwenye chupi. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6, aifunge kwenye karatasi, asiitupe chooni, anawe mikono.

Kama ana wadogo zake wa miaka 3 hadi 5, wafundishe majina halisi ya viungo vyao, na kwamba mtu akiwashika sehemu za siri waseme, hata kama ni ndugu. Kaka zao, kama wapo, nao waelezwe hedhi, wasimcheke mtu. Mambo ya mimba, magonjwa ya zinaa na kukataa kurubuniwa yazungumzwe kabla ya sekondari, baba naye akiwepo.

Kwa umri wake, binti yako anastahili pia chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Nchini hutolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ulizia kituo cha afya.

Mtoto anayejibiwa vizuri kuhusu pedi ndiye atakayekuja kwako siku mtu akimgusa vibaya. Likitokea hilo, piga 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto.