Somo la Tisa: Ngeli ya Mahali (PA-KU-MU)

Utangulizi

Nomino nyingi za Kiswahili hugeuka kuwa za mahali zinapoongezwa kiambishi tamati -ni: mji – mjini, mto – mtoni. Zikishageuka, huacha upatanisho wa ngeli zao za asili na kufuata PA-, KU- au MU-. Katika somo hili tutaonyesha kwamba kila kiambishi humweleza msikilizaji jambo tofauti.

Kifungu cha mfano

Pangani ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, mahali Mto Pangani unapoingia katika Bahari ya Hindi. Mjini pana majumba ya kale ya mawe. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita vya kuupinga utawala wao, Desemba 1889. Mtoni mna samaki, na ukingoni pameota mikoko. Ng'ambo kuna kijiji cha Bweni. Watu huvuka kwa pantoni. Kusini zaidi kuna ufukwe wa Ushongo, wanakokwenda wageni kupumzika.

Uchambuzi

(a) PA- huonyesha mahali dhahiri: mjini pana; hapo ndipo walipomnyonga.
(b) KU- huonyesha mahali pasipo dhahiri, pa mbali au penye mwelekeo: ng'ambo kuna, wanakokwenda.
(c) MU- huonyesha ndani: mtoni mna samaki. Samaki wamo majini, lakini mikoko ipo ukingoni.

Tanbihi: Majina ya pekee ya mahali hayaongezwi -ni. Twasema "Ninakwenda Kasese", wala si *"Ninakwenda kwa Kasese". Kihusishi "kwa" katika muundo huu hutangulia mtu: "Ninakwenda kwa mwalimu."

Umuhimu wa tofauti hizi

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku KU- hutumika badala ya viambishi vyote. Hata hivyo, tuuangalie mto wetu wenyewe. Mei 2013, Mto Nyamwamba ulifurika, ukaleta maafa Kilembe na katika sehemu za mji wa Kasese. Tuchukulie kwamba mvua kama ile imenyesha tena, na mwalimu anatuma habari:

1. Shuleni kuna maji.
2. Shuleni pana maji.
3. Shuleni mna maji.

Sentensi ya kwanza ni ya jumla. Ya pili yasema kwamba maji yamefika hapo shuleni. Ya tatu yasema kwamba yamo ndani. Atakayeisikia hatangoja kuuliza kama watoto waondolewe madarasani. Silabi moja imebeba habari yote hiyo.

Wanafunzi wetu wa Rukoki wanaozungumza Lhukonzo wasilione jambo hili kuwa geni. Lugha yao pia hubainisha mahali pa ndani, kwa kutanguliza omo kabla ya nomino. Kiswahili huweka -ni mwishoni, kisha huiachia kazi ya kubainisha upatanisho. Mwalimu na aanzie hapo.

Zoezi

1. Sahihisha: *"Mji ya Pangani iko kwa bahari."
2. Jaza pengo kwa pana, kuna au mna: "Chunguni ____ wali."
3. Eleza tofauti ya maana: nyumbani petu, nyumbani kwetu, nyumbani mwetu.
4. Andika aya moja kuhusu mto ulio karibu nawe, ukitumia viambishi vyote vitatu.