Nikizuia matangazo, namnyima nani?

Swali: Nimeweka programu ya kuzuia matangazo ili kuokoa bando. Rafiki yangu mwenye tovuti ya habari analalamika kwamba namkatia riziki. Ni kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Tovuti nyingi hulipwa kwa kila mara 1,000 matangazo yanapoonekana. Programu yako hukata ombi kabla halijafika kwenye seva ya matangazo, kwa hiyo unasoma, lakini huhesabiwi. Ila bando lako nalo lina haki yake: video inayojicheza yenyewe hula data nyingi kuliko habari uliyoifuata, na hilo wachapishaji walijitakia.

Ujerumani mvutano huu ulifika mahakamani. Oktoba 2015 gazeti la Bild lilianza kuwafungia mlango wenye vizuizi: zima, au lipia. Mchapishaji wake, Axel Springer, aliishtaki pia Eyeo, kampuni ya kizuizi cha matangazo cha Adblock Plus, akashindwa Aprili 2018. Lakini Eyeo hiyohiyo huwatoza wachapishaji wakubwa ili matangazo yao “yasiyo na kero” yapite. Mlinzi anauza kiingilio!

Kwa rafiki yako, fungua tovuti yake, gusa alama ya kizuizi, uiruhusu hiyo peke yake. Akikuletea video zinazopiga kelele, ifungie tena.