Kuacha Dawa za Sonona: Kwa Nini Hatua za Mwisho Ndizo Nzito

Mwanafunzi aliyezoea kuchora grafu za mistari iliyonyooka huizoea pia namna hiyo ya kufikiri. Akitajiwa bei ya kilo moja ya sukari, mara moja hujua bei ya nusu kilo na ya robo kilo. Mazoea hayo yana manufaa makubwa sokoni, lakini yakihamishiwa katika mwili wa binadamu yanaweza kumletea mtu madhara. Makala haya yanahusu dawa zinazotumiwa kutibu ugonjwa wa sonona, na hasa jinsi mgonjwa aliyepata nafuu anavyopaswa kuziacha. Tutaona kwamba nusu ya kidonge haifanyi nusu ya kazi ya kidonge kizima, na kwamba kutoielewa hesabu hiyo kumewatesa wagonjwa wengi bila sababu.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Sonona si majonzi ya kawaida ya mtu aliyefiwa au aliyeshindwa mtihani. Ni hali inayodumu kwa majuma mawili au zaidi, ambamo mgonjwa hupoteza furaha na hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi wake huvurugika, chakula humshinda au hula kupita kiasi, na fikra zake huwa nzito. Wengine hufikia hata kutamani kufa. Hutibiwa kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Dawa za kwanza zilipatikana katika miaka ya 1950, na kwa namna fulani kwa bahati. Daktari Roland Kuhn, katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi, alikuwa akiijaribu imipramini kwa wagonjwa wenye maradhi mengine ya akili. Haikuwafaa. Lakini alipowapa wagonjwa wa sonona, wengi walianza kupata nafuu, naye akaitangaza habari hiyo mwaka 1957. Baada ya imipramini ikaja amitriptilini, ambayo hadi leo hutumiwa katika hospitali zetu na ambayo, pamoja na fluoksetini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Fluoksetini yenyewe iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na sitalopramu ilianza kuuzwa nchini Denmark mwaka 1989.

Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba tatizo la kuacha dawa hizi lilionekana mapema sana. Kufikia mwaka 1959 kulikuwa tayari na taarifa katika majarida ya tiba kuhusu wagonjwa waliopata kichefuchefu, kizunguzungu na wasiwasi walipokatishwa imipramini ghafla. Hata hivyo, hadi mwaka 2019 mwongozo rasmi wa tiba wa Uingereza uliendelea kueleza kwamba dalili hizo kwa kawaida ni nyepesi na huisha zenyewe kwa muda wa wiki moja hivi.

Kisa cha mwanafunzi mwenzangu

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Uingereza, niliishi nyumba moja na mwanafunzi mwenzangu ambaye alikuwa akimeza sitalopramu, miligramu 20 kwa siku, kwa muda wa miaka miwili. Alikuwa amepona na alitaka kuacha. Kwa ushauri aliopewa, alimeza miligramu 10 kwa majuma mawili bila taabu yoyote, kisha akaacha kabisa. Siku ya nne baada ya kuacha alishindwa kwenda maabara. Kichwa kilimzunguka. Kila alipogeuza macho alihisi kitu mfano wa mshtuko wa umeme ukipita ndani ya kichwa, na machozi yalimtoka bila yeye kujua sababu. Alirudi kliniki akaambiwa kwamba sonona imerejea, na kwamba pengine atahitaji dawa maisha yake yote. Akarudia miligramu 20. Baada ya siku mbili alikuwa mzima.

Wakati huo tulishukuru tu. Miaka mingi baadaye, nikiwa darasani nafundisha famakolojia, ndipo nilipotambua kwamba maelezo yale hayakukubaliana na ushahidi. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kabla ya kumpa mgonjwa nafuu. Kama kilichomwangusha mwenzangu kilikuwa sonona, kingeondokaje kwa siku mbili? Tena, alipougua mara ya kwanza hakuwa na mishtuko ya kichwani wala kizunguzungu. Dalili zilikuwa mpya, zilitokea siku chache tu baada ya kuacha, na ziliondoka mara dawa iliporudishwa. Mambo hayo matatu yakikutana, yaelekea mno kwamba ni dalili za kuacha dawa. Kurudi kwa ugonjwa huja taratibu zaidi, mara nyingi baada ya majuma au miezi, na hufanana na ugonjwa wa awali. Ni kweli kwamba hali hizi mbili zaweza kupishana kwa mtu mmoja, hivyo daktari huhitaji kumsikiliza mgonjwa kwa makini na kuuliza tarehe.

Yanayotendeka katika ubongo

Seli za neva hazigusani. Kati ya seli moja na nyingine upo mwanya mwembamba sana uitwao sinapsi, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali. Serotonini ni mojawapo ya kemikali hizo. Baada ya kufikisha ujumbe, serotonini hurudishwa katika seli ilikotoka kwa njia ya protini maalumu, ambazo hapa tutaziita vibebeo. Sitalopramu, fluoksetini na jamii yake huvikalia vibebeo hivyo na kuvizuia visifanye kazi, kwa hiyo serotonini hukaa zaidi katika mwanya. (Msomaji asihitimishe kwamba sonona ni upungufu wa serotonini tu. Maelezo hayo mepesi yaliwahi kuenea sana, lakini utafiti haukuyathibitisha.)

Ubongo haukai kimya mbele ya badiliko kama hilo. Kwa majuma na miezi, vipokezi vya upande wa pili hujirekebisha ili viendane na wingi mpya wa serotonini. Dawa ikiondolewa ghafla, vipokezi hubaki katika marekebisho yale yale ilhali serotonini katika mwanya imepungua. Ni kama mtu anayetoka kwenye jua la adhuhuri na kuingia chumba chenye giza: macho yake ni mazima kabisa, lakini kwa muda haoni kitu, kwa kuwa bado yamepangwa kwa ajili ya jua. Tofauti ni kwamba macho huhitaji dakika, na ubongo huweza kuhitaji majuma au miezi.

Hali hii isichanganywe na uraibu. Mraibu huwa na uchu wa dawa na huitafuta kwa kila hila, jambo ambalo halionekani kwa watumiaji wa dawa hizi. Ni mazoea ya mwili, kama yale ya mgonjwa aliyemeza prednisoloni kwa muda mrefu, ambaye naye haruhusiwi kuikata kwa siku moja.

Viti vya basi

Mwaka 2004 watafiti wa Toronto, Kanada, walitumia mashine za kupiga picha za ubongo kwa positroni ili kupima ni vibebeo vingapi vya serotonini vinavyokaliwa na dawa. Walichunguza dawa tano za aina hii, na wakaona kwamba kwa dozi ndogo ya kawaida ya matibabu, takriban asilimia 80 ya vibebeo huwa vimekaliwa. Dozi ikiongezwa, kiwango hicho hupanda kidogo tu.

Tufikirie basi la abiria. Vibebeo ni viti na chembe za dawa ni abiria. Abiria wa kwanza kuingia hupata viti mara moja, na kila anayepanda hujaza kiti. Viti vikikaribia kwisha, wanaopanda baadaye husimama tu. Sasa tuanze kuwashusha. Wakishuka watu kumi kutoka katika basi lililofurika, wengi wao ni wale waliosimama, na viti vinavyobaki wazi ni vichache. Lakini wakishuka kumi wa mwisho, basi zima huwa tupu.

Mwaka 2019 Mark Horowitz na David Taylor, wakiwa London, walitumia vipimo vya namna hiyo kueleza jinsi dawa hizi zinavyopaswa kupunguzwa. Kwa sitalopramu, takwimu walizotoa zinakaribiana sana na fomula hii, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuichora:

V = 92 × D ÷ (D + 2.9)

ambapo V ni asilimia ya vibebeo vilivyokaliwa na D ni dozi ya siku kwa miligramu. Tukiweka dozi mbalimbali tunapata:

Miligramu 60: asilimia 88
Miligramu 40: asilimia 86
Miligramu 20: asilimia 80
Miligramu 10: asilimia 71
Miligramu 5: asilimia 58
Miligramu 2.5: asilimia 43
Miligramu 1.25: asilimia 28
Miligramu 0: asilimia 0

Sasa kisa cha mwenzangu kinaeleweka. Aliposhuka kutoka miligramu 20 hadi 10 alipoteza asilimia 9 tu ya vibebeo vilivyokaliwa, ndiyo maana hakuhisi kitu. Aliposhuka kutoka 10 hadi sifuri alipoteza asilimia 71 kwa mara moja. Machoni pake zilikuwa hatua mbili zilizolingana, miligramu kumi na miligramu kumi. Kwa ubongo wake, hatua ya pili ilikuwa karibu mara nane ya ya kwanza.

Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi swali la kinyume: dozi ziwe ngapi ili V ishuke kwa hatua sawa za asilimia 10? Jibu ni takriban miligramu 20, 9, 5.4, 3.5, 2.2, 1.4, 0.8, 0.35, kisha sifuri. Hatua ya kwanza ni ya miligramu 11. Ya mwisho haifiki hata nusu miligramu. Nasisitiza kuwa hizi ni hesabu za darasani. Mwendo wa kila mgonjwa hupangwa na daktari wake, kwani wapo wanaoacha kwa majuma machache bila shida, na wapo wanaohitaji mwaka au zaidi, hasa waliotumia dawa kwa miaka mingi.

Kikwazo ni kwamba hakuna kidonge cha miligramu 0.8, na kisu cha jikoni hakiwezi kukikata. Katika nchi kadhaa sitalopramu hupatikana pia kwa matone, na nchini Uholanzi vimetengenezwa vifurushi vya vidonge vinavyopungua nguvu siku hadi siku. Kwetu, mfamasia ndiye wa kuulizwa kama ipo dawa ya maji. Vidonge vilivyotengenezwa ili vitoe dawa polepole visisagwe wala kutafunwa.

Kuruka siku

Wengine hudhani kwamba ikiwa kidonge hakigawanyiki, basi kimezwe siku moja na kuachwa siku inayofuata. Hapa tunahitaji dhana ya nusu-uhai, yaani muda ambao kiasi cha dawa mwilini hupungua hadi nusu. Nusu-uhai ya paroksetini ni takriban saa 21. Mtu akiimeza kila baada ya saa 48, kabla ya kidonge kinachofuata hubaki kiasi cha moja ya tano tu ya dawa, kisha hupanda tena. Ubongo hutupwa chini na kuinuliwa kila siku ya pili. Venlafaksini ni mbaya zaidi, kwa kuwa nusu-uhai yake ni kama saa 5, na ya zao lake linalofanya kazi ni kama saa 11. Kwa upande mwingine, fluoksetini na zao lake hubaki mwilini kwa siku nyingi, hata majuma, kwa hiyo hujipunguza yenyewe taratibu, na dalili zake zikija huja kwa kuchelewa.

Ni wangapi hupata dalili?

Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na wataalamu wa Ujerumani mwaka 2024 ulionyesha kwamba takriban asilimia 31 ya walioacha dawa hizi walipata angalau dalili moja. Lakini miongoni mwa walioacha vidonge visivyo na dawa yoyote, asilimia 17 nao walisema wamepata dalili. Dalili kali zilimpata mtu mmoja hivi katika kila 35. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuwatisha wagonjwa, na hakuna sababu ya kuwaambia kwamba wanajidanganya.

Wala si kila mtu anafaa kuacha. Katika jaribio lililofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2021, watu 478 waliojiona wako tayari kuacha waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya wiki 52, sonona ilikuwa imewarudia asilimia 56 ya walioachishwa, na asilimia 39 ya walioendelea na dawa. Kila mmoja ataisoma tarakimu hiyo kwa kadiri ya maisha yake. Aliyewahi kuugua mara moja kwa wepesi hayuko sawa na aliyewahi kujaribu kujiua.

Shuleni

Katika mazingira yetu, wengi hawaachi dawa kwa kupanga. Dawa imekwisha katika zahanati, nauli ya kwenda hospitali ya mkoa haipo, au jamaa nyumbani wamesema kwamba kijana aliyepona hana haja ya vidonge. Kwa shule za bweni hatari kubwa ni juma la kwanza la muhula. Mwanafunzi husafiri na vidonge vya siku tatu, akiona haya kumweleza yeyote. Siku ya tano au ya sita anasinzia darasani, anatapika, analia, na walimu wanahisi malaria, utoro au mambo mengine kabisa.

Mwalimu mlezi aweza kumwuliza mzazi kwa faragha, siku ya kupokea wanafunzi, kama mtoto ana dawa anazotumia kila siku, na kuandika tarehe ambayo zitakwisha, siyo tarehe ya likizo. Dawa isichukuliwe na kufungiwa kabatini bila utaratibu wa kumpatia kila siku. Ikikatika, apelekwe kwa daktari ili irudishwe au ipunguzwe kwa mpango. Na mwanafunzi akitamka kwamba hataki kuishi, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenzangu niliyemtaja alijaribu tena baadaye, safari hii kwa matone. Kushuka kutoka miligramu 20 hadi 10 kulimchukua mwezi mmoja. Kushuka kutoka 10 hadi sifuri kulimchukua miezi kumi na minne.